Binamu Yangu Alirudi Windows, na Kosa Lilikuwa Langu

Wasee, leo sina mbwembwe. Nataka kukiri kitu.

Mwaka jana nilimshawishi binamu yangu aweke Linux. Alikuwa ameingia chuo mwaka wa kwanza, na Auntie akamnunulia laptopu ya ex-UK pale tao: RAM ya GB 4, SSD ya GB 128, betri ya masaa mawili ukibahatika. Windows ilikuwa inawaka polepole kama jiko la makaa yaliyonyeshewa. Ukibonyeza kitufe unaenda kuoga, unarudi unaipata bado inafikiria. Mimi, fundi wa familia ambaye hakuna aliyemwajiri, nikajitokeza. "Cuzo, niachie wikendi moja tu." Nikaipangusa yote, nikaweka Linux, laptopu ikaanza kukimbia. Auntie akanipikia chapo. Nikajiona mimi ndiye.

Wiki tatu baadaye binamu yangu akanitext swali jepesi kabisa: "Cuzo, nataka Kdenlive ya kuedit vidio ya asaimenti. Kwa stoo naona ziko tatu. Niweke ipi?"

Hapo ndipo nilipoharibu.

Ningemjibu kwa sentensi moja. Badala yake nilimtumia voisi ya dakika 11. Nilimweleza nani anamiliki stoo gani, kwa nini fomati fulani ni usaliti, kwa nini ile ingine ndiyo ya watu wanaojielewa. Aki nilijiskia nimetoa hotuba. Kitu sikumwambia ni aweke ipi.

Kwa hivyo akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya: akachagua yenye nambari kubwa zaidi ya toleo. Ikamaliza bando yake kabla haijafika nusu. Akaomba hotspoti kwa rumeti. Saa mbili usiku ikawa imeingia. Akaifungua, akaenda kutafuta vidio zake, zilizokuwa kwa flashi ya kikundi. Programu haikuziona. Flashi iko, faili ziko, ukitoka nje ya programu unaziona vizuri, ukirudi ndani ni kama hazijawahi kuzaliwa. Dedilaini ilikuwa saa sita usiku kasoro dakika moja.

Alinipigia mara nne. Nilikuwa na mbogi tunatazama mpira, simu iko kwa mfuko wa jaketi, jaketi liko kwa kiti. Nilipoiona ilikuwa saa sita na robo. Lec hakupokea kazi iliyochelewa. Alama 15 za CAT zikaenda hivyo.

Hakunifokea. Alisema tu, "Cuzo, hii Linux ni ya watu kama nyinyi." Nyinyi. Hilo neno bado linanikwaruza. Wiki iliyofuata akapeleka laptopu dukani, akalipa, Windows ikarudi.

Sitawaambia alikuwa ameweka fomati gani, kwa sababu najua mtafanya nini nikisema. Nusu yenu mtasherehekea, nusu mtasema hakujua kuitumia. Na ukweli ni kwamba fomati zote mbili mpya zina hiyo tabia ya kufungia programu isione flashi mpaka uipe ruhusa. Sio kasoro, iliwekwa kwa makusudi, na ina sababu nzuri. Mwenye kosa ni mtu aliyejua kuhusu hiyo ruhusa na akatumia dakika 11 kuongea kitu kingine.

Sasa acha niwaelezee kitu chenyewe, vile ningepaswa kumweleza.

Fikiria ploti. Ile ploti ya kawaida, vyumba kumi kwa laini, mfereji mmoja, choo kimoja pale mwisho, stima inatoka kwa mita moja. Hiyo ndiyo fomati ya zamani, ile ya .deb. Ilikuja na Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Upande wa Red Hat wana ya kwao, RPM, na inafanya kazi kwa mtindo huohuo. Programu haiji na kila kitu chake. Inakuja na godoro na sufuria, halafu inatumia mfereji wa pamoja. Hiyo mifereji ndiyo tunaita maktaba: vipande vya kodi vya kufungua picha, kucheza sauti, kusimba data. Programu mia zinatumia maktaba moja.

Faida yake ni tamu. Kwanza, ni ndogo. Unaweza kuweka programu kwa MB chache tu kwa sababu vitu vingi viko tayari. Pili, ukirekebisha mfereji, ploti nzima inapata maji safi. Aprili 2014 lilipogunduliwa lile tundu la Heartbleed kwenye OpenSSL, mtu mwenye mfumo wa aina hii alihitaji kuapdeti hiyo maktaba moja, awashe upya programu zinazoitumia, na zote zikawa salama. Hakulazimika kungoja kila mwenye programu aamke.

Shida ya ploti nayo mnaijua. Mpangaji wa chumba cha tatu anataka presha ya maji iongezwe, wa chumba cha saba akiongezewa bomba lake linapasuka. Programu mpya inataka maktaba mpya, ya zamani inataka ileile ya zamani, na mfereji ni mmoja. Ndio maana distro zinazopenda utulivu zinagandisha matoleo. Unaweza kukaa miaka miwili na Kdenlive ileile huku watu wa YouTube wanakuonyesha vitufe ambavyo wewe huna. Na ukikosa subira ukaongeza hazina za nje, unaanza kuchanganya mabomba.

Mfano mkubwa kabisa ni wa Novemba 2021. Linus Sebastian, yule wa Linus Tech Tips, alikuwa anajaribu Linux kwa mara ya kwanza kama mtumiaji wa kawaida. Akaweka Pop!_OS, akataka Steam ili acheze gemu. Kifurushi cha Steam kilikuwa na hitilafu wakati huo, kikagongana na vingine, na mfumo ukasema ili kiingie lazima uondoe orodha ndefu ya vitu, desktopu yenyewe ikiwemo. Akaambiwa aandike maneno ya kuthibitisha. Akaandika. Desktopu ikaenda. Mamilioni ya watu wakaona mtu akiweka gemu na kupoteza skrini. Watu wetu wakamcheka eti angesoma. Mimi pia nilicheka. Sasa hivi sicheki, kwa sababu mtu anayetaka gemu hafai kuwa na uwezo wa kubomoa nyumba kwa bahati mbaya.

Hata Linus Torvalds mwenyewe, baba wa Linux, alilalamika kuhusu hii mambo. Ana programu yake ya wapiga mbizi inaitwa Subsurface. Mwaka 2014, kwenye mkutano wa DebConf, aliwaambia watu wa Debian wazi kwamba kutengeneza vifurushi vya kila distro na kila toleo lake ni mateso, ilhali Windows na Mac unatengeneza kimoja na unamaliza. Kama mtu aliyeandika kiini cha mfumo anashindwa kusambaza programu yake bila kuumwa na kichwa, mimi na wewe ni nani?

Kwa hivyo watu wakasema: tuachane na ploti, tujenge bedsita. Kila programu ije na mfereji wake, choo chake, mita yake. Mlango ufungwe. Mwaka 2016 ndio mwaka wa bedsita. Aprili mwaka huo Ubuntu 16.04 ilitoka ikiwa na Snap, na muda mfupi baadaye mradi wa Alexander Larsson uliokuwa unaitwa xdg-app ukabadilishwa jina ukawa Flatpak.

Tuanze na Snap, kwa sababu ndiyo inatukanwa zaidi. Iko chini ya Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth, yule bilionea wa Afrika Kusini aliyeenda angani mwaka 2002. Ubuntu ni neno la huko kusini ambalo sisi tunaliita utu. Na kuna kitu alifanya kinachonigusa sana: kuanzia 2005 hadi 2011 walikuwa wanatuma CD za Ubuntu bure mpaka kwa sanduku lako la posta, popote duniani. Mtu alikuwa amekumbuka kuwa kuna watu hawawezi kudaunlodi. Weka hiyo kwa akili, tutairudia.

Snap ina nguvu zake. Inabeba programu za desktopu, zana za terminali, hata huduma za seva. Mtengenezaji anaijenga mara moja, inaingia kwa matoleo mengi ya Ubuntu. Hiyo ndiyo sababu Canonical walihamishia Chromium huko mwaka 2019: walikuwa wamechoka kuijenga upya kwa kila toleo wanalolitunza.

Lakini namna walivyoihamisha ndiyo ilichoma watu. Ulikuwa unaandika amri ileile ya apt, ile ya .deb, halafu nyuma ya pazia inakuwekea Snap. Umeagiza chai, umeletewa kahawa, na kikombe kimeandikwa chai. Linux Mint wakakasirika, na toleo lao la 20, la mwaka 2020, likaja likiwa limefungia Snap mlango mpaka mwenyewe uifungue. Halafu Ubuntu 22.04 ikaja na Firefox ya Snap, na watu wa laptopu za kizee wakalia kwamba inachukua muda mrefu kufunguka mara ya kwanza. Canonical walikubali kuna shida na wakafanya kazi ya kuiongezea kasi, na kweli iliboreka. Kisha mwaka 2024 Mozilla wenyewe wakafungua hazina yao ya .deb kwa wanaotaka njia ya zamani.

Malalamiko mengine mawili ni ya kweli. Moja, upande wa seva ya stoo ya Snap si kodi huria na ni moja tu, ya Canonical. Mbili, Snap inajiapdeti yenyewe, na kwa kawaida inaangalia mara nne kwa siku. Miaka mingi ungeweza kuahirisha tu, sio kusimamisha. Ni mwaka 2022 ndipo ikaja amri ya kuzuia apdeti mpaka utakapotaka mwenyewe.

Mtu wa Berlin mwenye faiba nyumbani anaweza kukasirika kuhusu hiyo ya pili kwa sababu ya kanuni. Sisi tunakasirika kwa sababu ya bando. Umenunua ile ya saa moja, umeunganisha hotspoti, unataka kutuma kazi moja tu, halafu kitu ambacho hukukiita kinaamka na kuanza kula. Hakuna wizi uliofanyika, ni mpangilio tu. Lakini mpangilio uliandikwa na mtu ambaye hajawahi kuangalia salio kabla ya kufungua vidio. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui kwamba ukiuambia mfumo kuwa mtandao wako ni wa kupimwa, unaweza kuiagiza Snap isiapdeti ukiwa hapo. Niko kwa hii mambo miaka mitano. Sikujua kwa sababu nilikuwa bize kutukana.

Flatpak ndiyo nilikuwa naipigia debe. Hapa mtu yeyote anaweza kuanzisha hazina yake, ingawa kwa vitendo karibu kila mtu yuko Flathub. Programu hazibebi kila kitu kivyake. Zinashiriki misingi mikubwa, wa GNOME, wa KDE, na kadhalika. Ni kama fleti: kila mtu ana mlango wake lakini tangi la maji liko juu ya paa kwa wote. Valve walipotoa Steam Deck mwaka 2022, programu za upande wa desktopu zilikuwa zinatoka Flathub, na hiyo iliipa Flatpak heshima ile mbaya.

Sasa shida. Hilo tangi lazima lipandishwe juu kwanza. Programu yako ya kwanza inaweza kuwa na MB 50, lakini inataka msingi wake, na msingi ni mamia ya MB, wakati mwingine jumla inavuka GB 1. Ya pili na ya tatu zinakuwa nyepesi kama zinatumia msingi uleule. Lakini moja ikitaka msingi wa 23 na nyingine wa 24, unabeba matangi mawili. Watetezi wa Flatpak, mimi nikiwemo, tunapenda kusema "diski ni bei rahisi siku hizi." Rahisi kwa nani? SSD ya GB 128 ukitoa mfumo, picha, na vidio za darasa inabaki nini?

Halafu ile mambo ya ruhusa. Flatpak na Snap zote zinajaribu kuweka programu kwa chumba kilichofungwa, ili hata ikiwa na nia mbaya isisome faili zako zote. Hiyo ni poa sana. Mwaka 2018 kuna gemu kwenye stoo ya Snap iligunduliwa kuwa inachimba sarafu za kidijitali kwa siri kwa kutumia kompyuta za watu, kwa hivyo hatari si hadithi. Kufungiwa chumbani hakukuizuia kutumia umeme wako, lakini kunapunguza kile mgeni anaweza kushika. Tatizo ni lugha. Mlinzi wa geti akikukataza, anakuambia. Hizi mara nyingi hazisemi chochote. Faili haionekani tu, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza saa tatu usiku anadhani flashi imekufa. Kwa Flatpak ungefungua programu inaitwa Flatseal, uguse kitufe kimoja. Kwa Snap kuna amri moja fupi. Sekunde kumi za kazi, kama kuna mtu wa kukuambia.

Ya mwisho ni AppImage. Hii ni mchuuzi wa tao. Duka lake lote liko mgongoni. Hana kibanda, hana kodi, kanjo wakitokea anakunja kitambaa anaishia. AppImage ni faili moja. Unaidaunlodi, unaipa ruhusa ya kutekelezwa, unabonyeza, inafunguka. Ukichoka unaifuta, imeenda. Asili yake ni mradi wa Simon Peter wa mwaka 2004 ulioitwa klik, na Torvalds alipoijaribu kwa Subsurface yake aliipenda.

Kwa sisi ina kitu kitamu kupita zote: inaingia kwa flashi. Mtu mmoja akiidaunlodi kwa waifai ya chuo, darasa zima limeipata. Lakini na mchuuzi naye ana mambo yake. Hana mahali pa kurudisha bidhaa. Nyingi hazijiapdeti. Ukinunua kwa mtu usiyemjua, shauri yako. Chukua tu kutoka tovuti ya wenye programu. Na Ubuntu 22.04 ilipokuja bila kile kipande cha zamani cha FUSE ambacho AppImage nyingi zinategemea, watu walibonyeza na kubonyeza na hakuna kilichotokea, hata ujumbe wa kosa hakuna. Dawa ni kifurushi kimoja kidogo cha .deb, libfuse2. Ona vile hawa maadui wanahitajiana.

Baada ya ile ya binamu yangu, nilichukua laptopu yangu ya zamani, RAM ya GB 4 kama yake, nikaweka Kdenlive kwa kila njia, moja baada ya nyingine, nikilipia bando yangu mwenyewe. Sikuwa natafuta mshindi wa kuwatangazia. Nilikuwa natafuta jibu ambalo ningempa ile jioni. Na ndipo nikagundua kwamba kwenye zile vita zote tunazopigana, maswali yake matatu hayajawahi kuulizwa. Itakula MB ngapi kabla ya kufunguka? Itaona flashi yangu? Nikilala, itaamka yenyewe itumie salio langu?

Badala yake tunauliza nani mwema na nani mbaya. Mwaka 2023 Ubuntu waliamua kwamba ndugu zake wote, Kubuntu, Xubuntu na wengine, wasije tena na Flatpak tayari ndani. Ukiitaka uiweke mwenyewe. Nilikesha siku mbili nikibishana kuhusu hiyo habari. Siku mbili, wasee. Mtu wa kawaida angeandika amri moja na kuendelea na maisha.

Najua kuna mtu atasema maswali ya umiliki ni muhimu. Ni muhimu, na sijabadilisha msimamo. Stoo yenye mwenye mmoja ni hatari, na nitaendelea kusema. Nani anashika ufunguo wa mlango wa nyumba yako sio swali dogo. Lakini kuna wakati wa kuongea hayo, na si wakati mtu amesimama mlangoni na mizigo anauliza choo kiko wapi.

Na pia tukumbuke kwamba uzee na upole una thamani yake. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi mmoja wa Microsoft, aligundua kwamba kuingia kwa seva kupitia SSH kunachukua nusu sekunde zaidi ya kawaida. Akafuatilia, akakuta mtu amepachika mlango wa siri ndani ya xz, kipande kidogo cha kubana faili. Ulikuwa umeingia kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora. Debian thabiti, ile tunayoicheka eti ina programu za kale, haikuguswa. Kwa hivyo ukiambiwa programu yako ni ya zamani, wakati mwingine hiyo ni pongezi.

Basi, haya ndiyo ningemwambia.

Anza na ile ya distro yako, ile ya .deb au RPM. Ni ndogo, inaona flashi, haikusumbui. Kama asaimenti haihitaji kitufe kipya, hapo umemaliza.

Ukihitaji toleo jipya kwa haraka na bando ni kidogo, tafuta AppImage kutoka kwa wenye programu, na uombe mwenzako kama anayo kwa flashi.

Ukiwa na waifai ya chuo na nafasi kwa diski, Flatpak ni nyumba nzuri ya kuishi muda mrefu. Pandisha tangi siku ambayo hulipi wewe. Na kuna amri ya create-usb inayokuwezesha kubeba programu za Flatpak kwa flashi na kumpa mtu asiye na mtandao. Wachache sana wanaijua, na ingefaa kuwa maarufu huku kwetu kuliko mahali popote duniani.

Kama uko Ubuntu na Snap imekuja nayo, usihangaike kuing'oa kwa sababu mtu wa intaneti amekasirika. Ifundishe tu kuapdeti wakati unataka wewe. Na kwa zana za terminali, mara nyingine ndiyo njia rahisi kuliko zote.

Na wewe unayejiita mjuzi, hii ni yako na yangu: mtu akikuuliza aweke ipi, mtajie moja. Halafu weka simu karibu.

Zile CD za bure nilisema tutazirudia. Sijawahi kuishika hata moja, zilikuwa za kabla yangu. Lakini nafikiria mtoto fulani miaka ile, sehemu isiyo na intaneti, anafungua bahasha ya posta anapata mfumo mzima wa kompyuta, bila kuulizwa anaunga mkono fomati gani. Hiyo ndiyo ilikuwa Linux iliyovutia watu. Huo ndio utu ulioko kwa jina.

Jumapili iliyopita nilienda kwa Auntie. Binamu yangu alikuwa mezani na laptopu yake, Windows inazunguka lile duara lake. Nikamwomba msamaha, msamaha wa kweli, bila maelezo ya ziada. Akaniangalia kwa muda. Nikamwambia nimebeba flashi, iko na kila kitu, haitakula hata MB moja yake, na Windows yake haitaguswa. Linux inaweza kuwaka kutoka kwa flashi yenyewe, ajaribu akitaka, akichoka aichomoe.

Akaniambia, "Sawa. Lakini cuzo, ile ya vidio. Niweke ipi?"

Nikavuta pumzi. Kila kitu nilichowaandikia hapa kilinijia mdomoni, kuanzia 1993.

"Ile imekuja nayo," nikamwambia. "Ikikataa, nipigie. Nitashika."